Vibonye Vinne Visivyolia

Jumatatu, 3 Novemba

Leo Mwalimu Penseli ametugawia fomu za mtihani wa piano. Tunamwita hivyo kwa sababu hugonga mapigo kwa penseli pembeni mwa piano, na ukikosea penseli hunyamaza. Mimi nimezoea kupiga piano penseli ikiwa kimya.

Masharti ni haya. Vipande vitatu: kimoja cha mbio, kimoja cha polepole, kimoja cha hiari. Kila kimoja alama thelathini. Kumi zilizobaki ni za uteuzi, yaani unapewa kwa kuchagua tu, hata kabla hujagusa kibonye. Hizo nimezipigia mstari. Fomu irudi Ijumaa ikiwa na saini ya mzazi. Ikishapokelewa haibadilishwi hata kwa machozi. Hilo la machozi alilisema akinitazama mimi.

Kufaulu ni hamsini. Mwaka jana nilipata thelathini na moja, nikabaki ngazi ya tatu. Nikibaki tena, Januari mdogo wangu anapanda kutoka ngazi ya pili na kunikuta hapo hapo. Benchi la piano ni la watu wawili, na Mwalimu Penseli huwaketisha ndugu pamoja ili ugomvi wao wakaumalizie nyumbani. Mwaka mzima benchi moja na Profesa! Profesa ni jina alilopewa na Baba. Nimemtangulia kuzaliwa kwa miezi kumi na minne, na hajawahi kuuheshimu hata mmoja.

Nimeapa. Mwaka huu vidole vipumzike, kichwa kifanye kazi.

Jumanne, 4 Novemba

Hila ya kwanza. Piano ya shule ina vibonye vinne, vya mwisho kabisa mkono wa kulia, ambavyo havilii tangu Februari. Ukivibonyeza unasikia "tap", basi. Nimemwandikia Mwalimu Mkuu barua isiyo na jina: piano yetu ni mgonjwa, ni aibu, mtihani uahirishwe hadi itakapopona. Nilitia chumvi kidogo kwamba wageni wanatucheka. Nimeandika kwa mkono wa kushoto na kutia saini "Mpenzi wa Muziki". Nikaipenyeza chini ya mlango wake na kuondoka nikipiga mluzi.

Nyumbani hatuna piano. Mama ni fundi cherehani, na mazoezi nayafanyia kwenye meza yake ya kukatia vitambaa, ambako nimechora vibonye kwa chaki yake. Kwenye meza ile mimi ni hodari sana. Leo Profesa alipita akasema nimekosea noti. Nikamwambia meza haina sauti. Akasema ndiyo, lakini amesikia.

Nikaendelea kupiga. Ukimjibu unampa nguvu.

Jumatano, 5 Novemba

Barua haijajibiwa. Kwa hiyo hila ya pili: uteuzi. Mapumziko yote nimekaa ndani ya kabati la noti, vumbi hadi kope.

Cha polepole nimekipata mara moja. Kinaitwa "Bonde Lililolala". Kurasa tatu, na nimehesabu sehemu thelathini na sita za kunyamaza. Unakaa mikono magotini na saa inakwenda na alama zinaingia. Aliyekitunga alikuwa mtu wangu kabisa.

Halafu, chini ya rundo, "Matone Batini", yaani mvua ikidondoka juu ya bati. Cha mbio. Mkono wa kushoto haufanyi lolote la maana. Mkono wa kulia unakimbia kama umeungua, noti ndogondogo mia na zaidi, na zote ziko wapi? Kule juu, mwisho kabisa. Kwenye vibonye vinne visivyolia!

Ilinibidi nikae chini. Nitakapopiga, mtahini ataona vidole vikiruka na hatasikia kitu. Atalaumu nani? Piano. Hakuna binadamu anayeweza kunionyesha nilipokosea. Ni kama meza ya Mama, ila imepakwa vanishi.

Ijumaa, 7 Novemba

Asubuhi nilimpelekea Mama fomu. Alikuwa anapinda shati la mteja, pini mdomoni. Aliuliza vipande hivi viwili vinaimbwaje. Nikamwambia ni vya kitaalamu. Akatoa pini, akasema mwaka mzima anasikia vidole vikigonga meza yake, angependa siku moja asikie wimbo mmoja mzima. Nafasi ya hiari ilikuwa tupu bado. Akauliza kama ule wa kwanza kabisa, wa ukurasa wa kwanza wa kitabu cha wanaoanza, ambao yeye huuimba akishona, unakubalika.

Ni wa watoto wa miaka saba. Niliona haya. Lakini kengele ilikuwa karibu na kalamu alikuwa nayo yeye. Nikaandika: "Wimbo wa Kwanza".

Mwalimu Penseli alipoisoma fomu aliniuliza mara tatu kama nina hakika na "Matone Batini". Watu wa ngazi ya sita hukikwepa, alisema. Nikasema muziki ni ujasiri. Akagonga muhuri, fomu ikaingia kwenye sanduku la bati na kufuli likafungwa. Sijawahi kuwa na furaha namna ile nikiwa sijafanya kazi yoyote.

Jumatatu, 10 Novemba

Balaa.

Mwalimu Mkuu amesimama mbele ya shule nzima na karatasi mkononi. Amesema kati yetu yupo mwanafunzi mwenye uchungu na mali ya shule, asiyetafuta sifa. Akaisoma barua yangu yote, hata ile ya wageni kucheka. Akasema mtihani hautaahirishwa, hapana, fundi wa piano anakuja keshokutwa na vibonye vyote vinne vitalia kabla ya Ijumaa. Akaomba tumpigie makofi Mpenzi wa Muziki popote alipo.

Nilipiga makofi. Ungefanyaje? Nimejipalia makaa mwenyewe, tena kwa mkono wa kushoto.

Profesa alikuwa mstari wa nyuma yangu. Aliniinamia sikioni akasema mwandiko wa mkono wangu wa kushoto ni mzuri kuliko wa kulia.

Nilikwenda kumwomba Mwalimu Penseli anibadilishie kipande. Alilitazama sanduku la bati, akanitazama mimi, akaninyooshea kitambaa chake cha kujifutia machozi. Alikuwa amekiweka tayari.

Jumatano, 12 Novemba

Fundi wa piano amefika na mfuko wa ngozi na kikohozi. Nilijitolea kumpokea. Kwanza nilimpeleka maabara. Akasema hii si piano, ni mizani. Nikampeleka jikoni, wapishi wakamkaribisha chai, tukapoteza nusu saa nzuri. Mwishowe akasikia mtu anapiga noti akaifuata mwenyewe. Alikuwa Profesa, ambaye eti alikuwa anamwonyesha njia.

Nilimsihi. Nilimwambia vile vinne tumevizoea, tunavipenda vikiwa hivyo hivyo. Fundi akasema kwa miaka thelathini ya kazi hajawahi kuombwa asitengeneze. Akafungua kifuniko, akaingiza mkono hadi kwapani, akavuta. Ikatoka futi ya Mama ya kupimia nguo. Ile ya manjano yenye uzi mwekundu kwenye ncha. Ilikuwa imejisokota kwenye nyundo nne za mwisho, zile zinazogonga nyuzi.

Sasa nimekumbuka. Februari niliichukua kupima kama mkono wangu umerefuka. Nikaisahau juu ya piano ya shule. Ilipopotea, Mama aliuliza nani, nami nilitazama dirishani, na Profesa akaosha vyombo wiki mbili.

Profesa aliipokea futi kwa mikono miwili kama mtu anayepokea cheti. Akaikunja polepole na kuitia mfukoni. Fundi akabonyeza vibonye vinne, kimoja kimoja. Vinalia vizuri mno. Nilikuwa na roho mkononi.

Alhamisi, 13 Novemba

Maji yamenifika shingoni. Nimejaribu "Matone" kwenye piano iliyopona. Penseli haikunyamaza tu. Mwalimu aliiweka kwenye kabati.

Nimezungumza na Profesa. Niliomba mambo mawili: asimwage mtama kwa Mama, na kesho anifunulie kurasa. Mtahiniwa anaruhusiwa mtu wa kufunua kurasa. Nimesoma masharti, na mtu huyo hajakatazwa kuwa na mkono. Atakaa kulia kwangu, karibu na vibonye vile vinne. Mtahini atakuwa anaandika. Mimi nitapiga kushoto, yeye atapitisha mkono kama anayefunua, na matone yatadondoka.

Profesa aliwaza, akasema kaka, hii ni akili ya hali ya juu. Nilifurahi kabla ya kutazama uso wake. Bei yake: vyombo wiki mbili naosha mimi, na futi namrudishia Mama mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Nimekubali. Akaketi kwenye meza ya Mama, akatazama noti, akapiga chaki kwa mkono mmoja hadi mwisho. Mara moja tu. Hata mimi nilisikia.

Futi nimemrudishia Mama. Aliivaa shingoni, akaenda kumwomba Profesa radhi. Kwangu hakuomba chochote. Hilo limeniuma kuliko vyombo.

Ijumaa, 14 Novemba

Mtahini ni mama mmoja mwenye sweta la kijivu na kalamu tatu. Hakutabasamu. Wazazi walikaa kwenye korido, mlango wazi.

"Bonde Lililolala". Nilianza vizuri. Tatizo ni kunyamaza kwenyewe. Kwenye sehemu ya kumi na tisa nilisahau nimehesabu hadi wapi. Kimya kikawa kirefu. Nikaamua kipande kimeisha, nikasimama, nikainama kwa heshima. Mwalimu Penseli akasema zimebaki kurasa mbili. Nikaketi. Nikainama tena mwishoni, safari hii watu walingoja kwanza.

"Matone Batini". Mkono wangu wa kushoto ukaanza. Mkono wa Profesa ukaja. Jamani, ulikuwa mzuri! Hata mimi nilisahau nipo mtihanini, nikageuka kumtazama, na hapo mkono wangu wa kushoto ukaacha kupiga. Matone yakaendelea yenyewe.

Mtahini alikuwa ameweka kalamu zote tatu chini. Akauliza ule mkono wa tatu ni wa nani.

Nilisema ni wa familia. Akanihamisha mwisho wa benchi, akamwambia Profesa apige kipande chote kwa mikono yake miwili. Akakipiga. Halafu mtahini akaandika sifuri kwenye karatasi yangu, kubwa, niliiona kichwa chini.

Kikabaki cha hiari. Sikuwa na hila yoyote kwa "Wimbo wa Kwanza", ni ukurasa mmoja. Nikaupiga kama Mama anavyouimba, na pale anapopunguza mwendo ili ageuze kitambaa nami nikapunguza. Katikati nikasikia mtu anaimba kwa chini kule koridoni. Sikukosea. Penseli iligonga hadi mwisho. Nilipomaliza nilitaka kulia, na sijui kwa nini, maana ni wimbo wa watoto wa miaka saba.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na futi shingoni. Akaniambia sasa amesikia.

Jumatatu, 17 Novemba

Matokeo yamebandikwa. "Bonde Lililolala", kumi na tatu. "Matone Batini", sifuri. "Wimbo wa Kwanza", ishirini na tisa. Uteuzi, nane, na maelezo kwamba mtahiniwa ana ujasiri usioelezeka. Jumla hamsini.

Hamsini! Ngazi ya nne! Bila zile nane za kuchagua ningeanguka. Nilisema tangu mwanzo kwamba kichwa kitafanya kazi. Nimeruka korido nzima.

Kisha nikasoma mstari wa chini. Kwa pendekezo la mtahini, mwanafunzi wa ngazi ya pili aliyefunua kurasa anarushwa ngazi ya tatu. Anaingia ya nne. Januari. Mwalimu Penseli ameshaandika mpangilio wa mabenchi. Profesa kulia, mimi kushoto.

Nimeosha vyombo vyote nikiwaza, na jibu limekuja kwenye sufuria ya mwisho. Benchi lile ni jembamba mno kwa watu wawili. Ni hatari kwa mgongo. Mwalimu Mkuu anapaswa kuelezwa, na yeye ni mtu anayezisikiliza sana barua. Nimeshachukua karatasi. Nimeshafika kwenye saini. Mkono wa kushoto umechangamka kweli leo.