Yah: Chumba cha Semina Kukabidhiwa Vijidudu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Chuo, Makamu Mkuu wa Chuo, waheshimiwa wajumbe, Mkurugenzi mteule wa Kituo cha Utafiti wa Vijidudu vya Mwilini, ambaye nyumbani ni shemeji yangu, nawe ndugu karani, unayenisomea barua hii kwa kuwa jino limeniziba mdomo:

Kwa unyenyekevu nawasilisha pingamizi la Idara ya Historia. Hivi karibuni fundi alikuja kupima mlango wa chumba chetu cha semina, chumba pekee tulichobakiwa nacho. Alipoulizwa anapima nini, alijibu kwamba anaangalia kama friza ya Kituo itapita. Inapita. Wanafunzi wetu ndio haijulikani watapita wapi.

Sipingi sayansi. Nimeelezwa kwamba tumboni mwa kila mtu huishi vijidudu wasiohesabika, kwamba wengi wao ni wema, na kwamba wakipungua mwenye tumbo huona cha moto. Nayakubali yote. Malalamiko yangu ni haya:

1. Vijidudu hawa watapewa kiyoyozi, jenereta ya akiba na mlinzi. Sisi katika chumba hicho hicho tuliomba feni kwa barua, mpaka barua zenyewe zikaanza kutumika darasani kama vyanzo vya kale.

2. Hawakuomba kazi, hawakufanyiwa usaili, na hawajachapisha chochote. Nakiri kwamba kwa sifa hii ya mwisho wanafanana na baadhi yetu.

3. Nilipomlalamikia Mkurugenzi nyumbani kwake, tukiwa mezani, aliniambia mbele ya mke wangu, "Shemeji, wewe umeme ukikatika unanung'unika. Hawa umeme ukikatika wanakufa. Sasa nani apewe chumba?" Mke wangu akacheka, akamuunga mkono mdogo wake. Kisha nikakabidhiwa kikopo chenye kifuniko na kutakiwa nichangie utafiti. Nilichangia, kwa shingo upande. Majibu yalionyesha kwamba tumbo langu lina aina adimu nyingi za vijidudu kuliko tumbo jingine lolote lililopimwa chuoni. Shemeji alilitamka hilo kwa heshima ambayo hajawahi kunionyesha tangu nimwoe dada yake.

4. Hapo mantiki inatulazimisha sote. Ikiwa wanaostahili chumba ni vijidudu, na walio adimu wanaishi ndani yangu, basi mimi si mwalimu anayedai chumba. Mimi ni jengo. Tena ni jengo linalowahifadhi kwa joto lisilobadilika, bila jenereta, kwa mshahara wa mhadhiri mwandamizi. Nikiingia chumba cha semina, Kituo kimeingia. Friza ya nini?

5. Jengo la chuo halistaafishwi wala haliitwi kwenye kikao cha nidhamu. Hukarabatiwa. Naomba jino langu liingizwe katika kifungu cha matengenezo.

Kwa hiyo naliomba Baraza lipitishe leo kwamba chumba cha semina kibaki kwa Idara ya Historia kama tawi la Kituo. Kwamba mimi nisajiliwe kuwa hifadhi yake. Na kwamba wanafunzi wetu waruhusiwe kukaa humo, kwa kuwa nao wana matumbo.

Nawasalimu nyote mlioketi, fundi aliyesimama mlangoni na kipimo chake, pamoja na hao mlio nao matumboni, ambao naamini wamesikiliza kwa utulivu kuliko wenyeji wao.

Mimi, mtumishi wenu na jengo lenu,
Mkuu wa Idara ya Historia

N.B. Baada ya kuandika haya, daktari wa meno alinipa dawa ya kuua bakteria, nami nikaimaliza dozi kwa uaminifu. Shemeji amenipima tena. Anasema humo ndani hakuna mtu. Aina zote adimu zimetoweka; jino bado linauma. Waliosalia ni wale wa kwenye kikopo, ambao wamo katika friza ndogo ya jikoni kwake, na mtaani kwao umeme hukatika wakati wowote.

Ndugu karani, futa maombi yote ya hapo juu. Baraza sasa liamue jambo moja: friza ya Kituo iingizwe katika chumba cha semina leo hii, pamoja na jenereta. Idara ya Historia itafundishia koridoni. Naomba tu niachiwe ufunguo mmoja, niwe nakwenda kuwajulia hali.

Wanaoafiki wanyooshe mikono. Wangu uko juu tayari.