Malalamiko Dhidi ya Mama Mkwe Juu ya Maji ya Samaki

Kumb. Na. NN/MKW/SMK/01
Nkuhungu, Dodoma
12 Juni

Mzee Augustino Chidawali,
Mshenga wa Ndoa Yangu,
Kikuyu, Dodoma.

Mzee wangu, shikamoo.

YAH: KUONDOLEWA KWA MAMA MKWE ILI KUNUSURU SAMAKI

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza, lakini nitakieleza hata hivyo, kwa sababu miaka thelathini na moja ya masijala imenifundisha kwamba watu husoma vichwa tu.

Najua umezoea kuletewa kesi za ulevi na za waume kulala nje. Hii ni kesi ya naitreti. Chakula kinachobaki na kinyesi cha samaki vikioza ndani ya tangi, mwisho wake ni naitreti. Haionekani wala hainuki. Maji yanabaki meupe kiasi kwamba mgeni anaweza kutamani kunywa, kumbe samaki anaishi chooni. Mimi ninavyo vichupa vya kupimia: unatia matone, unatikisa, unangoja dakika tano. Ikiwa njano, lala usingizi. Ikiwa nyekundu kama juisi ya rozela, andaa turubai la msiba.

Nakuandikia wewe kwa sababu unazijua mila zetu. Mama mkwe wangu, Bibi Editha, akinipita koridoni hujifunika kanga usoni, nami huinamisha kichwa kama mtu aliyeangusha sindano. Siwezi kumwambia neno. Nimejaribu kumtuma mke wangu Violeth kwa mama yake, lakini anarudi na majibu makali ambayo nashuku si ya mama yake. Imebaki njia moja halali, nayo ni wewe uliyekwenda Gulwe, kule Mpwapwa, kunisemea. Ulikwenda kuleta mtu mmoja. Sasa wako wawili, na malalamiko yangu ni haya:

1. Muda. Alikuja mwezi wa pili kutibiwa macho, kwa wiki mbili. Macho yalipona mwezi wa tatu. Tangu hapo anayatumia kumtazama samaki wangu.

2. Ugali. Tangi liko sebuleni, mkabala na meza ya chakula. Kwa mila chakula changu nakulia chumbani, hivyo haya nimeyashuhudia kupitia upenyo wa pazia. Bibi Editha anashikilia kwamba ni aibu kubwa kula huku kiumbe kinakutazama na wewe hukikaribishi. Basi kila mlo Mwenyekiti, yaani samaki wangu wa dhahabu, alikaribishwa tonge la uwele, na Jumapili likachovywa kwenye mlenda. Mzee, samaki hana kope. Hawezi kuacha kutazama hata akishiba. Kwa kanuni hiyo atakaribishwa mpaka kiama.

3. Uandamizi. Mwenyekiti aliingia katika nyumba hii mwaka 2017. Bibi Editha ameingia Februari mwaka huu. Kwa taratibu za utumishi inajulikana nani ni mwandamizi wa nani. Sikudai amwamkie shikamoo, ingawa hoja ya kudai ninayo. Nilichotarajia ni kwamba asimwite "mboga", tena akiwepo.

4. Uchotaji wa maji bila kibali. Kila asubuhi alichota ndoo ya lita kumi kutoka kwenye tangi, akaenda kumwagilia mchicha wake nyuma ya nyumba, kisha akajazia maji ya mvua kutoka kwenye simtanki, kwa madai kwamba ya kisima yana chumvi. Mchicha huo sasa unanifika kiunoni, jambo linaloonyesha ukubwa wa hasara niliyopata. Nafahamu wataalamu wanasema robo ya maji ibadilishwe kila wiki. Sipingi. Mpango wa kubadilisha maji niliuandaa mwenyewe mwezi wa kwanza, kurasa sita, na uko mezani kwangu ukisubiri saini yangu.

5. Hujuma ya mbali. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Miezi yote ile ya ugali na ndoo, naitreti ilisimama kwenye ishirini, kutokana na usimamizi wangu madhubuti. Tarehe 22 Mei nikafunga mfuniko wa tangi kwa kufuli. Ugali ukakoma, ndoo ikakoma, na mimi kwa kumfariji Mwenyekiti nikamwongezea chakula cha dukani mara tatu kwa siku. Wiki ya kwanza kipimo kikasoma arobaini. Wiki ya pili themanini. Jana kimesoma mia na sitini. Bibi Editha hagusi kitu. Anakaa kwenye kochi langu, anatazama tangi, anatikisa kichwa na kuguna. Mimi ni mtu wa kanisani na siamini ushirikina, lakini namba ni namba, na anayeguna humu ndani ni mmoja.

Sasa Mwenyekiti hashuki tena chini. Anaelea juu, mdomo wazi, akihema. Mzee, tangu nistaafu hakuna mtu anayeniletea faili wala kuniuliza lilipo faili. Watoto wako mbali na simu zao ni fupi. Samaki huyu, asubuhi nikiwasha taa kabla wengine hawajaamka, anakuja kwenye kioo mpaka pua inagusa. Nampenda. Akifa sijui asubuhi nitawasha taa kwa ajili ya nani.

Kwa hiyo naomba yafuatayo yatekelezwe:

(a) Bibi Editha arejeshwe Gulwe ndani ya siku saba.

(b) Kabla ya kuondoka, atoe kauli ya kuujutia ugali, mbele ya tangi, mchungaji na mjumbe wa shina wakishuhudia.

(c) Ukoo wa mke wangu utoe tamko la maandishi kwamba hakuna mwanaukoo atakayemtazama samaki zaidi ya dakika mbili, wala kuguna.

(d) Kuanzia sasa wakwe wote watakaokuja nyumbani kwangu wafuate kanuni ya maji: robo yao ibadilishwe kila wiki. Nakiri kwamba kwa sasa mkwe ni mmoja, na sijapata njia ya kumtoa robo. Naomba ushauri wako.

Nisalimie mama, majirani wote wa Kikuyu na wazee wa kwaya. Hata wale waliosema nikistaafu nitachanganyikiwa, wasalimie.

Mtoto wako mwenye masikitiko,

Nathan Ndahani
Karani Mkuu wa Masijala (mstaafu)

Nakala: Jalada

Nyongeza: Leo saa nne, nikitafuta bahasha, Mwenyekiti alilala ubavu. Nilisimama pale na ufunguo wa kufuli mfukoni. Bibi Editha akaja bila kujifunika, akanyoosha kiganja kuomba ufunguo. Nikampa. Alichota ndoo nane, akarudishia maji ya mvua taratibu, na mimi nikawa mbeba ndoo. Kufika saa tisa Mwenyekiti alikuwa anaogelea wima, na kipimo kimeshuka hadi themanini. Daftari langu la vipimo limenieleza mengine yote, kwamba ndoo zake ndizo zilizokuwa zikimtunza na chakula changu ndicho kilichomzidishia naitreti, na nimeona aibu. Bahati mbaya, wakati natikisa kichupa, Violeth aliikuta barua hii mezani akamsomea mama yake mpaka mwisho. Bibi aliinuka akaenda chumbani kwake. Amefunga begi, liko mlangoni, na basi la Mpwapwa linaondoka kesho alfajiri. Barua sikuichana kwa sababu imekwisha kupewa namba, ila maombi (a) hadi (d) nimeyafuta. Ombi jipya ni moja: njoo umwambie abaki, kwa kuwa mimi sina ruhusa ya kumwambia. Dereva wa bodaboda aliyekuletea bahasha hii nimemwagiza asirudi bila wewe.