Ombi la Kuhalalisha Bhangi Kabla ya Mvua

S.L.P. Mbumbuni,
Oktoba 1986

Kwa Bwana D.O., mkuu wa tarafa yetu,

Nakusalimu kwa heshima, mimi Jonah Nzioka, mkulima na mzee wa kanisa. Tangu nizaliwe sijavuta hata sigara, kwa hivyo usishtuke nikiiomba serikali ihalalishe bhangi, tena kabla ya mvua ya Novemba. Nina kijana, Kisilu, mwenye nguvu za ng'ombe wawili. Anashinda korongoni akivuta, na shamba langu linateremka mtoni kila mvua ikinyesha. Mitaro ya fanya juu, ile ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji, imejaa, mgongo wangu umekataa kazi, na kijana huyo nampenda. Sababu zangu ni hizi.

1. Sisi watu wa huku hatupendi kuamrishwa. Mzungu alipolazimisha watu kuchimba mitaro, baba yangu alihamia kichakani. Mzungu alipoondoka, baba huyo huyo alichimba bila kuambiwa, pamoja na kikundi cha mwethya, majirani wa kusaidiana kazi, wanawake wakiimba. Kitu kikikatazwa tunakitaka. Kikiamriwa tunachoka.

2. Kwa upande wa uchumi, bhangi haitaki mbolea wala dawa. Inaota kwenye mawe, na Afisa wa Kilimo hajawahi kuitembelea, labda ndiyo maana inastawi. Ikihalalishwa, serikali itapata kodi. Pia bhangi itaundiwa bodi, bodi itaunda kamati, na kamati itataka posho ya kikao. Sisi tuliolima pamba tunajua kitakachofuata. Baada ya misimu miwili hutaona mche wa bhangi kutoka hapa mpaka Kikima.

3. Mvutaji awe na laiseni. Kisilu hajawahi kumaliza foleni, hata ya kitambulisho aliitoroka. Natamani kumwona akingoja sahihi, aambiwe karani ameenda chai, arudi Jumanne na picha mbili.

4. Chifu aisifu bhangi barazani, juani, kwa hotuba ndefu kama kawaida yake. Asiyevuta aulizwe mbona anarudisha maendeleo nyuma.

5. Vijana wakikaidi bado, liachieni kanisa. Tutaiweka bhangi ibadani, baada ya matangazo, nami nitakaa kando ya Kisilu nivute naye kwa ajili ya taifa, Mungu anisamehe. Hakuna kijana atakayeendelea na jambo ambalo baba yake analifanya mbele ya watu.

Nisalimie mama watoto, karani wako, na wale askari waliokuja mwaka jana kung'oa bhangi wakang'oa mihogo ya jirani yangu Syombua. Waambie bado anawakumbuka.

Wako mtiifu, anayetazama mawingu,
Jonah Nzioka

N.B. Nimempa Kisilu barua hii anisahihishie, maana yeye ndiye aliyesoma. Amecheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniambia kwa upole kwamba nimesema kweli, bhangi ikiwa ya serikali ataiacha siku hiyo hiyo, ila itambidi atafute kitu kingine kilichokatazwa. Hapo nimeogopa. Basi, Bwana D.O., acha bhangi kama ilivyo. Nakuomba tu amri moja fupi, yenye muhuri, kwamba ni marufuku mtu yeyote kuchimba mitaro katika shamba la Nzioka. Jembe nimeshalificha, chini ya kitanda cha Kisilu.