Kila Khubaib Isipokuwa Fundi Saa

Ubaid aliisikia habari ya posa akiwa dukani Biashara Street, akikunjua leso asiyokuwa na nia ya kuinunua. Bi Swafia alikuwa akimlalamikia jirani. Binti wa kaka yake, Sheikha, mjane mwenye duka lile na nyumba ya ghorofa mbili Kibokoni, ameposwa na fundi saa aitwaye Khubaib, na watu wa nyumbani wataka kujua mtu mwenyewe ni nani kabla ya kujibu. Ubaid akaikunja leso taratibu. Duka, nyumba na mjane mzuri, vyote kwa pumzi moja. Mtu mwenye moyo wa huruma angeachaje kusaidia?

"Masalkheri, Bi Swafia," alisema. "Niwie radhi kwa kuingilia. Kuulizia watu ndiyo kazi yangu siku hizi. Zamani mlimtuma mtu msikitini na sokoni. Mimi naulizia dunia nzima, na nimekaa kitako."

Tumtendee haki: kazi aliijua. Alijua kwamba maneno ukiyafunga ndani ya alama za usemi, mtandao hukuletea hayohayo na si mengine, na kwamba kistari kikitangulia neno, neno hilo huondolewa. Alasiri ile, katika saiba moja ya Ganjoni, penye kompyuta za kukodi, aliliandika jina kamili la mposaji ndani ya alama zake. Yakaja majibu matatu, yote ya kuudhi: Khubaib akitengeneza saa ya msikiti bure, Khubaib akigawa zawadi madrasa, Khubaib akisifiwa na mteja. Ubaid akaziondoa alama, akafuta jina la baba na la babu, akatia kistari mbele ya neno saa. Majibu laki mbili. Akachapisha kurasa kumi na mbili.

"Hapa aliiba mbuzi," alimwonyesha Bi Swafia kesho yake. "Hapa amekimbia mahakama. Hapa ana wake wanne, na mmoja amtafuta kwa picha."

"Yote haya mtu mmoja?"

"Ana bidii, Bi Swafia. Hilo tumpe."

Sheikha alilia siku mbili. Alikuwa ashampenda yule fundi mnyamavu, wala hakuficha. Hilo ndilo nisilomsamehe Ubaid hata leo, mengine nacheka.

Siku ya tatu Ubaid alirudi na uso wa msibani. Ujira hakutaka. Ila, alisema, mjane asiachwe mpweke, na yeye hajawahi kuoa, alikuwa akingoja watu wa heshima.

Bi Swafia alizikusanya zile kurasa. "Basi leta barua ya posa, mwanangu. Jina lako, la babako, la babu, na la baba yake babu. Wazee wetu hawapokei barua ya jina moja."

Barua ilifika jioni ileile, kwa wino wa kijani: Ubaid Mselem Abud Shekue. Ukoo wake alikuwa akijivunia sana.

Ijumaa baada ya swala alikwenda Kibokoni na mkoba wa leso, udi, marashi na halwa. Ilimpasa atume wazee; alisema wazee wake wamesafiri. Bi Swafia alikuwa amezipanga zile kurasa kumi na mbili mezani, na simu kando yake.

"Miaka thelathini nimepanga mafaili bandarini," alisema. "Nikipewa karatasi, naanza kusoma juu kabisa. Hapa juu pameandikwa ulichotafuta: Khubaib, kistari, saa. Nikamuuliza Mwende, mpangaji wetu wa juu, kistari hiki cha nini? Akanambia ni cha kutoa. Umeniletea kila Khubaib wa duniani isipokuwa yule fundi saa."

Ubaid alinyosha mkono kuzizoa kurasa; Bi Swafia akaziwekea kiganja juu.

"Kisha akanifunza na alama za usemi. Nikatia majina yako yote manne, nikataka faili za PDF tu. Likaja jibu moja." Akavaa miwani, akasoma. "Shule ya chekechea, Malindi. Sherehe ya kufunga mwaka. Twamshukuru mzazi wetu Ubaid Mselem Abud Shekue na mkewe Bi Mbodze kwa kutupakia rangi darasa. Na nambari ya simu ya shule iko chini ya ukurasa. Nikaipiga."

"Rangi nilipaka peke yangu," ilisema sauti nyuma ya pazia.

Mbodze akatoka. Alikuwa amefika kwa basi la asubuhi. Kwa habari aliyokuwa nayo, mumewe alikuwa Maskati mwaka wa pili sasa, akitafuta riziki. Aliufungua mkoba, akanusa marashi, akapima leso kifuani.

"Vya nani hivi?"

Ubaid alitazama mlango. Kaka zake Sheikha walikuwa wamekaa hapo wawili, wapana. "Vyako, mke wangu," alisema. "Nilikuwa natafuta mtu wa kukupelekea."

"Umeshampata. Beba, twende."

Walipotoka, Sheikha aliingia akiwa bado na kikoi cha kulilia mkononi. "Shangazi," aliuliza, "na Khubaib tumjibu nini?"

"Nishamjibu tangu jana," alisema Bi Swafia. "Kanawe uso. Wazee wake wako njiani."