Baba Mkwe Aliyesamehe Kabla ya Kuku

Jumatatu, 7 Juni 1993

Mwalimu Ndunguru ametangaza. Jumamosi mchana kikundi chetu cha maigizo kimealikwa hoteli moja ya Usa River, kwenye chakula chenye vichekesho. Waigizaji hawakai jukwaani. Wanazunguka mezani, wanakugeuza ndugu yao, nawe unajibu. Atakayejibu vizuri kuliko wote atakuwa mhusika mkuu kwenye mashindano ya mkoa.

Mwaka juzi nilikuwa mti. Mwaka jana nilikuwa mlango. Mwaka huu namwomba Mungu niwe mtu.

Mpinzani wangu ni Evaresta. Ana sauti, tena ana meno mazuri. Mpango unahitajika.

Alhamisi, 10 Juni

Mpango tayari. Nimemwambia Evaresta, kwa upole, kwamba meza ya heshima ni ile ya karibu na jikoni, maana chakula kinafika cha moto. Ameshukuru. Mimi nitakaa mbele kabisa.

Bibi ameuliza mbona nalia mbele ya kioo. Nikasema ni mazoezi ya shule. Akasema zamani shuleni watu walililia fimbo, si kioo.

Jumapili, 13 Juni, baada ya ibada

Naandika kwa uchungu. Waigizaji wote waliingilia mlango wa jikoni. Evaresta akawa wa kwanza kuitwa shangazi. Akajibu kwamba yeye ni shangazi wa mjini, asiulizwe habari za migomba. Ukumbi ukacheka. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani.

Mchezo ulikuwa hivi. Kijana mmoja kamtorosha binti wa watu. Baba wa binti kakasirika. Kila meza imbembeleze, naye akatae kwa kejeli mpya, mpaka matunda yaletwe. Baba huyo aliigizwa na Mzee Naftali, mtu wa Marangu. Meza ya daktari mmoja aliiambia inapiga magoti kama ng'ombe anayekunywa maji.

Hakuna aliyeniita. Supu ikaondolewa. Nikajiona nimerudi kuwa mlango.

Ndipo nikatoka nje. Ua wa hoteli umepandwa masale, ile mimea ya majani marefu. Nikachuma jani moja, nikarudi, nikapiga magoti mbele ya Mzee Naftali. Nikasema, shikamoo Baba, nimeleta sale kwa niaba ya mkweo.

Sikuwa nimefikiri zaidi ya hapo. Kwetu Wachaga ukiletewa sale umeombwa msamaha, na hukatai. Mzee alilitazama lile jani. Akalipokea kwa mikono miwili. Akasema, kwa sauti yake mwenyewe, si ya mchezo, kwamba amesamehe.

Mwigizaji wa yule kijana, ambaye ni wa Dar, akamnong'oneza kwamba bado kuku, bado wimbo, bado kufukuzana na fimbo. Mzee akamwambia, "Bwana mdogo, sale limepokelewa. Wewe mtu wa Pwani utanitafutia laana." Nusu ya ukumbi ikatikisa vichwa kwa heshima.

Mchezo ukaishia hapo. Kuku aliliwa kimya, kama msibani.

Jumatatu, 14 Juni

Evaresta ndiye mhusika mkuu. Mwalimu amenieleza, kwa masikitiko, kwamba anayemaliza mchezo kabla ya kuku hawezi kupewa maneno ya kusema. Nimepewa pazia. Nilidhani ni kulivuta. La, ni kuwa pazia lenyewe.

Jumanne, 15 Juni

Asubuhi nimempelekea Mwalimu sale ofisini, anisamehe na kunirudisha. Nilisahau kwamba kwao ni Mbinga, si Uchagani. Ameuliza kama ni dawa ya tumbo. Kisha amelitia kwenye chupa ya maji dirishani, akasema limependeza, nirudi darasani.

Nimetafakari somo zima la jiografia. Kosa langu nimeliona. Sale halina ubaya, nilikosea mtu wa kumpelekea. Evaresta ni wa Machame, Mchaga mwenzangu. Yeye hawezi kukataa. Kesho kabla ya paredi nitampelekea jani bichi kabisa, nimwombe msamaha kwa kumnyang'anya nafasi yake.

Akishanisamehe, nitamnyang'anya.