Pointi Kumi za Kuokoa Jezi Namba Nane

Ijumaa, 9 Mei

Nusu fainali ya mpira wa kikapu, mechi ya kwanza kati ya tatu. Matangtubig wametupiga 71 kwa 58. Mimi, Hermogenes Dumlao, mdunguaji wa mtaa wa San Telmo kwa miaka ishirini na sita: pointi mbili. Mbili! Na hizo nilitupa nimefumba macho.

Sababu ni moja, ina kilo mia na kumi, inauza nyama ya nguruwe sokoni. Santong wa Matangtubig! Nikienda kushoto, yupo. Nikienda kunywa maji, yupo, ananipumulia shingoni. Akaninong'oneza kwamba mikono yangu inanuka vitabu. Hilo nililichukua kama sifa. Kiwiko cha mbavu sikukichukua hivyo.

Kapitan Liberato, mkuu wa mtaa na kocha wa kujiteua, akanihukumu mbele ya timu nzima. Nisipofikisha pointi kumi katika mechi moja kabla nusu fainali haijaisha, jezi namba nane anapewa Arnulfo. Arnulfo ni mkwewe! Anadunda mpira akiukodolea macho kama anaogopa utamng'ata. Hii ndiyo serikali ya mitaa! Nimeanza barua ya malalamiko. Ukurasa wa sita sasa.

Jumamosi, 10 Mei

Wazo! Limenijia nikinyoa. Nimejikata kidevu, sijali.

Kesho anabatizwa Jeremias, kitinda mimba wetu. Baba wa ubatizo wapo sita tayari. Wa saba ana ubaya gani? Santong akikubali, yeye na mimi tunakuwa kumpare, baba mzazi na baba wa ubatizo. Na nani mjini hapa amewahi kumpiga kumpare wake kiwiko? Hakuna! Ni zaidi ya undugu. Ndugu hupigana.

Mke wangu Perpetua akasema huyo mtu simpendi hata kidogo. Nikamjibu nampenda kimkakati.

Nikamkuta Santong buchani, shoka mkononi. Alipolisikia ombi langu, akaliacha shoka ndani ya kichwa cha nguruwe, akalia. Akasema hajawahi kuombwa na mtu, watu wanaogopa mikono yake isije ikamvunja mtoto. Dhamiri ikanichoma kidogo. Nilipofika kwenye vibanda vya samaki ilikuwa imeshapoa.

Jumapili, 11 Mei

Ushindi! Santong alikuja na shati jeupe la barong lililombana kifuani, akamshika Jeremias kama yai. Akaleta nguruwe mzima wa kuchoma. Ameniita “pare”, kumpare kwa kifupi, mara arobaini. Nilihesabu.

Jumanne, 13 Mei

Mechi ya pili. Santong akasimama hatua tatu mbali nami, mikono nyuma, anatabasamu. Kocha wake akapiga kelele: “We Santong! Mkabe huyo mzee!” Naye akamrudishia: “Huyo kumpare wangu, bwana. Mkabe wewe!”

Kiwanja chote changu! Ringi pana kama beseni la kufulia! Nikatupa. Nje. Nikatupa tena. Nje. Mara tisa! Mmoja ulipiga ngoma ya bendi, bendi ikadhani ni ishara, ikaanza kupiga wimbo.

Nikaelewa nikiwa benchi. Mtupo wangu, kiwiko kimechomoza kama mkono wa birika, kiwiliwili kimelala nyuma, mguu wa kushoto unapiga teke, niliutengeneza dhidi ya viganja usoni. Miaka ishirini na sita narusha juu ya kiganja cha mtu. Kiondoe, sina pa kulenga. Ni kama kumwondolea mwandishi maadui zake!

Arnulfo akaingia mahali pangu. Filimbi ya mwisho ikikaribia akautupa mpira kwa hofu, ukagonga ubao, ukazama. Tumeshinda kwa pointi moja. Wamembeba mabegani. Mimi: sifuri.

Jumatano, 14 Mei

Nimemwendea padri. Nikamuuliza kama ubatizo unaweza kufutwa, si wote, ile sehemu ya Santong tu. Akasema maji yameshakauka. Akaninusa mdomo.

Mpango wa pili: matusi. Nikasimama mbele ya bucha, nikatangaza kwa sauti kwamba nyama ya Santong ina umri mkubwa kuliko kanisa. Soko zima likageuka. Hasira sasa! Viwiko sasa! Santong akacheka mpaka akakohoa. “Mwacheni, pare wangu ana njaa huyo.” Akanifungia kilo mbili za mbavu.

Perpetua amezipika kwa siki na vitunguu saumu. Tamu mno. Inaniuma.

Alhamisi, 15 Mei

Nikakubali kusema ukweli, ile nusu inayosemeka. Santong alinisikiliza akinoa kisu.

“Kwa hiyo, pare, nikikukaba unaingiza?”

Ndiyo.

“Na nikikuachia unaaibika?”

Sana.

“Sasa si ungesema mapema! Kesho nitakukaba mpaka marehemu mama yako akuonee huruma.”

Tukakumbatiana. Sijawahi kutishwa kwa upendo namna ile.

Ijumaa, 16 Mei

Mechi gani hii! Santong alinirukia kama mdai aliyechoka kusubiri. Kiganja usoni! Kiwiko mbavuni! Nikalala nyuma, teke, nikatupa: tatu! Tena: tatu! Robo ya nne, nikiwa nimebanwa pembeni, sioni ringi wala taa: tatu! Tisa! San Telmo nzima imesimama juu ya viti!

Sekunde nane zimebaki. Tuko nyuma kwa pointi moja. Nikapenya, Santong akanikwangua mkono kwa bidii ya kumpare. Filimbi! Mitupo huru miwili. Mmoja unaokoa jezi. Miwili inatupeleka fainali.

Kisha wote wakasogea pembeni. Mbele yangu hakuna mtu. Nikamwomba refa amruhusu Santong asimame aninyooshee kiganja usoni. Akasema sheria hairuhusu. Santong naye akamsihi: “Mwamuzi, kidogo tu, ni kumpare wangu!” Akatishiwa kutolewa.

Wa kwanza haukufika ringi. Wa pili ukagonga ubao, ukazunguka ukingo, ukafikiri, ukatoka.

Nilisikia mafuta ya muuza ndizi yakichemka nje. Santong alilia kuliko mimi, na yeye ndiye aliyeshinda.

Jumapili, 18 Mei

Kapitan amekuja mwenyewe kuchukua jezi. Perpetua alikuwa ameifua na kuipiga pasi. Sikutoka chumbani.

Nimetafakari kwa kina na kwa haki. Mtupo wangu hauna kasoro. Kasoro ni ya sheria! Nimeiandikia kamati ya ligi kudai mitupo huru ikabwe. Kurasa kumi na moja.

Lakini si hilo la kuandika leo. Mke wa Arnulfo anajifungua mwezi ujao! Nimetoka kwao sasa hivi. Nimewapelekea mayai na soksi ndogo za sufu, nikajitolea kuwa baba wa ubatizo. Arnulfo alinishika mikono miwili, machozi yakimlenga, akakubali hapo hapo.

Nani mjini hapa amewahi kumnyima kumpare wake jezi? Hakuna!