Kitanda cha Chini na Shati la Joweria

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimepanda cheo! Kuanzia leo mimi Justus, mfagiaji wa shule hapa Rashidiya, ughaibuni, ndiye mwenye ufunguo wa chumba cha kufulia. Mashine mbili mpya: ya kufua na ya kukausha. Madam Edna, naibu mwalimu mkuu, ameeleza kuwa kuna watoto hukosa masomo kwa sababu ya sare chafu. Kwao ni familia nne nyumba moja, zamu ya kufua mara moja kwa wiki. Akanionyesha Joweria, Mganda wa darasa la tatu. Ana shati moja. Wenzake humcheka, basi hubaki nyumbani. Amekosa siku tisa muhula huu; akifikisha kumi na mbili, nafasi yake shuleni anapewa mtoto mwingine. Nikamwambia Madam asijali, mimi nipo.

Jumanne, 4 Februari

Joweria amepewa zamu ya Jumanne na Alhamisi. Alifika kabla ya kengele, akavaa nguo za michezo, nikafua shati. Lilitoka jeupe pe! Akaliweka shavuni likiwa bado na joto. Nilifurahi, sikatai.

Jioni, chumbani kwetu Deira, habari kubwa. Aboud, anayelala chini yangu, anahama. Kitanda cha chini kinabaki wazi! Miaka miwili nalala juu, pua kwenye dari, vumbi la AC lote langu. Jeremy, mkubwa wa chumba chetu, ndiye ataamua: mimi au Duncan, mwenzetu wa chumba. Duncan ameshaanza kumpikia chapati. Mwanamume mzima! Hana haya.

Alhamisi, 6 Februari

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama. Nilibeba sare za Jeremy za uaskari, nyeusi, mpya kabisa, nikazitia kwenye mashine ya shule. Shati la Joweria nalo nikalitupia humo humo. Kwa nini kupoteza maji?

Sare zilichuja rangi. Shati likatoka rangi ya jivu, mabaka mabaka. Joweria hakulia. Aliniomba nilifue tena. Nikalifua. Likazidi.

Mara Madam Edna huyo mlangoni! Sare ziko kwenye begi langu, zinachuruzika. Nikasema mtoto ameacha kalamu mfukoni.

"Mimi sina kalamu, Madam," akasema Joweria. "Darasa letu tunatumia penseli."

Nikasema watoto husahau. Madam akaamini mtu mzima. Akaamuru Joweria asifuliwe tena mpaka mama yake aje.

Ijumaa, 7 Februari

Joweria hakuja. Siku ya kumi.

Jeremy amenusa sare zake, akasema khalas, yamekwisha, kitanda ni cha Justus. Duncan amenuna, chapati zimepoa. Nimejinyoosha jioni nzima. Godoro lina bonde katikati, na roho yangu haikutulia. Nadhani ni bonde.

Jumatatu, 10 Februari

Hakuja. Kumi na moja. Madam amempigia mama yake. Simu haipokelewi, anafanya kazi za ndani na huko simu hukaa kwa mwajiri. Nilikwenda mpaka mlango wa ofisi nikaseme ukweli. Mkono ukagusa kitasa. Nikawaza: nikisema, ufunguo utaondoka. Ufunguo ukiondoka, Jeremy atarudi kwenye chapati. Nikafuta kitasa vizuri, nikaondoka.

Jumanne, 11 Februari

Hakuja. Kumi na mbili.

Jumatano, 12 Februari

Mama Joweria amekuja, na aproni ya kazi, ruhusa ya nusu saa. Huko ofisini ameambiwa nafasi imeshachukuliwa. Jumapili anampeleka mtoto kwa bibi yake Jinja. Hapa hawezi kumwacha chumbani peke yake. Kisha akanitafuta mimi. Nilijificha nyuma ya mashine ya kukausha, akanipata. Nikajua leo nimekwisha.

"Nisamehe, ndugu yangu," akasema. "Mwanangu alikuharibia kazi. Nimemchapa kwa uongo wa penseli."

 Alisimama akinisubiri, mikono imeshikana.

Nikamwambia nimemsamehe.

Alinishukuru mara mbili. Mama muungwana sana, na mimi kumbe nina moyo wa kusamehe! Kesho ni Alhamisi, ilikuwa zamu ya Joweria. Mashine iko wazi asubuhi nzima. Nimemwambia Jeremy alete na mapazia.